Mkono wa Kushoto wa Sweta ya Baba

Sweta ya baba ilikuwa ya kijivu, kijivu cha ziwa pale mvua inapokuwa bado haijafika lakini harufu yake imeshafika. Nikifumba macho naigusa hata sasa, hapa Bunda, kwenye nyumba ya walimu ninamoandika haya. Kifuani ilikuwa na matuta, na ukipitisha kidole ulipanda na kushuka kama mtu anayetembea juu ya mawe ya kwetu.

Mama aliifuma mwaka wa Uhuru. Masista wa misheni walikuwa wamemfundisha kufuma soksi na kofia za watoto wachanga, yeye pamoja na dada yake, mama yangu mkubwa. Walipomaliza mafunzo, kila mmoja alipewa furushi la uzi wa sufu uliotoka ng'ambo. Mama mkubwa alijifumia shali ya kwendea kanisani. Mama alimfumia baba sweta ya kuvulia, kwa sababu upepo wa ziwani hauna huruma na mtu aliyeloa, na yeye ndiye aliyekuwa akimpokea baba asubuhi, midomo imepauka.

Mama alifariki nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu. Nilipomaliza nilirudi nyumbani kusubiri barua ya kupangiwa kazi. Kijiji kilikuwa kimehamishwa. Zamani tuliishi karibu na mwalo, pale mitumbwi inapopandishwa mchangani, na ukilala ulisikia maji. Sasa nyumba zilikuwa zimepangwa mistari miwili kando ya barabara, na baba alitembea mwendo mrefu kulifuata ziwa lake. Asubuhi alilima shamba la kijiji, mchana alilala, jioni alikwenda na wenzake kuvua furu, visamaki vya ziwani. Alikuwa anakohoa. Mganga wa zahanati aliweka sikio mgongoni mwake, akasikiliza muda mrefu, halafu akanigeukia mimi badala ya kumwambia yeye.

"Kifua hiki hakitaki baridi tena. Mzee avae nguo nzito, la sivyo aache ziwa."

"Nikiacha ziwa nifanye nini," baba alisema huku akifunga vifungo vya shati. "Nikae nyumbani nilinde viazi?"

Nguo nzito alikuwa nayo moja tu, ile sweta. Mikono yake ilikuwa imekwisha. Viwiko vilikuwa wazi, na chini ya viwiko zilining'inia nyuzi tupu, kama mizizi ya gugu lililong'olewa majini. Tangu mama aondoke hakuna aliyeigusa.

Mimi ni mtu wa kufikiri kupita kiasi. Nikitumwa chumvi, nafikiri itakuwaje nikikuta hakuna chumvi, na itakuwaje nikiikuta, na kama muuzaji ataniuliza lini naanza kazi, na nitajibu nini. Kwa hiyo suala la sweta nilikaa nalo wiki nzima. Nilikuwa najua kufuma kidogo, vitanzi vya kawaida vya mbele na nyuma, alivyonifundisha mama likizo moja nilipokuwa na homa. Nilichokosa ni uzi. Nilikwenda Musoma mjini. Duka la ushirika lilikuwa na vifungo, rangi zote za vifungo unazoweza kuziota, na dawa ya viatu. Mtu mmoja akaniambia sufu imefika Butiama. Nikapanda lori lililokuwa limebeba mabati, nikafika nimejaa vumbi hadi kwenye kope, nikakuta sindano za kufumia, jozi kwa jozi, zinang'aa.

"Sufu je?" nikamuuliza muuzaji.

"Inakuja."

"Lini?"

"Sindano zimetangulia, dada. Na yenyewe itafuata."

Nikarudi mikono mitupu. Sindano sikuzihitaji. Mama alitumia spoku za baiskeli ambazo baba alimnolea kwenye jiwe, na bado zilikuwemo ndani ya kopo lake la maziwa ya unga, pamoja na kibumba kidogo cha uzi wa kijivu, kikubwa kama ngumi ya mtoto. Nilikitazama kile kibumba nikasema moyoni, haya ni mabaki. Kisha nikafunika kopo.

Nikapiga hesabu. Baba alikuwa amekonda tangu msiba, na sweta ilimpwaya. Nikiifumua yote, nikaifuma upya nyembamba na fupi kidogo, uzi utakaobaki kutoka mwilini utatosha kutengeneza mikono mipya. Niliikagua hesabu hiyo mara nyingi, kila mara ilikuja sawa. Hofu yangu ilikuwa kwamba ile michoro mama hakuiandika popote. Ilikuwa ndani ya sweta tu. Nikiifumua bila kuisoma, nimemzika mara ya pili. Basi nikapanga kusoma na kufumua kwa pamoja: kila mstari kabla ya kuuvuta nitauandika kwenye daftari, vitanzi vingapi vya mbele, vingapi vya nyuma.

Nilifikiri pia kumwita mama mkubwa. Alikuwa ameolewa Suguti, na alijua kufuma kuliko mtu yeyote niliyemfahamu. Lakini niliona aibu. Kijiji kizima kilikuwa kimechinja kuku kwa sababu ya kuhitimu kwangu, nami nikamwite mama mkubwa anisaidie kushona mkono wa sweta? Hilo nalo nalikumbuka hadi leo.

Nilimwomba baba ruhusa. Aliivua sweta mwilini palepale, akanipa ikiwa na joto lake.

"Fanya, mama," alisema. Huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Wewe ndiye uliyesoma."

Nilikaa kwenye mlango wa nyumba, penye mwanga. Mikono ya sweta niliitenga kwanza. Nilitafuta mshono begani niutatue, sikuuona, nikadhani umejificha kwa uzee wa sufu, nikakata kwa wembe. Halafu nikafungua shingo na mabega, nikaanza.

Sijui kama nitaweza kueleza siku zile. Uzi ulitoka kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayekula mahindi mabichi chumba cha pili. Kila mstari ulikuwa unaamka kutoka kwenye usingizi wake, unaruka vitanzi kimoja kimoja, na kuja mkononi mwangu ukiwa umejikunja, kama nywele zangu nikizifumua baada ya kusukwa mwezi mzima. Ilitoka harufu ya moshi, ya samaki, na ya kitu kingine nilichokitambua mgongoni kabla sijakitambua puani. Na magamba yalidondoka. Ndani ya matuta yale yalikuwa yamenasa magamba ya furu, madogo, makavu, ya miaka mingi, na kadiri nilivyoteremka ndivyo yalivyozidi kuanguka kwenye gauni langu, yanametameta. Nilijiuliza ni yapi ya siku ambazo mama alikuwa hai. Yale ya chini kabisa, nilifikiri. Jioni nilipaswa kufagia nikashindwa. Kuku wakaja wakayadonoa.

Niliandika mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Pembeni zilipita kamba mbili zilizosokotwa, kama kamba za nanga. Katikati kulikuwa na alama zilizorudiwa, moja juu ya nyingine, kila moja ina ncha na miguu miwili inayotanuka. Sikujua ni nini. Niliiandika tu, nikivuta, nikiandika, hadi daftari likajaa na mbele yangu likawa fungu la uzi, jepesi kama moshi uliosimama. Nikaufua, nikauanika kwenye kamba na kuufungia mawe chini ili unyooke. Upepo ukija, mawe yalicheza polepole yote pamoja.

Kisha nikachukua mkono wa kulia. Nikavuta kutoka juu, begani, kama nilivyofanya mwilini. Haukufumuka. Uzi uliingia kwenye kitanzi cha pili, ukajifunga fundo. Nikalaumu sufu kuukuu iliyoshikana. Nikakata kidogo kwa wembe, nikavuta, ukafunga tena, nikakata tena. Kufikia mchana nilikuwa na rundo la vipande visivyofika urefu wa mkono wangu. Hapo ndipo mama mkubwa alipoingia uani, kikapu cha mihogo kichwani, amekuja kumtazama shemeji yake anayekohoa.

Alitua kikapu. Aliangalia kamba ya kuanikia, akaniangalia mimi, akaangalia lile rundo.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, mama mkubwa. Shikamoo."

Hakuitikia shikamoo. Aliokota mkono wa kushoto, uliokuwa bado haujaguswa, akaupindua mahali nilipoukata.

"Umekata kwa wembe."

"Sikuona mshono."

"Hukuuona kwa sababu haupo. Na hukujiuliza kwa nini haupo?" Alikaa kwenye kizingiti, akanishika kifundo cha mkono. "Mwili wa sweta unaanza chini, unapanda, unaishia mabegani. Ukimaliza unaokota vitanzi begani, unateremka na mkono, unaishia hapa. Sweta inafumuliwa kutoka pale ilipoishia. Ukianzia kwingine inakuwa fundo."

"Kwa nini iteremke?"

"Kwa sababu mvuvi hamalizi kifua, mwanangu, anamaliza mikono. Kila masika mama yako alikuwaga anafumua mikono hii kutoka chini hadi kwenye kiwiko, anafuma tena. Hapohapo. Mwili hagusi. Uzi ukikatika anaongezea kutoka kwenye kibumba chake cha akiba. Kiko wapi kile kibumba?"

Nikaleta kopo. Alipokiona kibumba alifumba macho kidogo.

"Na huu ulidhani ni wa nini?"

 Nilikuwa nimeelewa kila kitu kwa mara moja, na kuelewa kwa namna hiyo kunatia kizunguzungu. Mwili wa sweta haukuwa na tatizo. Nilikuwa nimefumua kifua kizima cha baba, kazi ya mama ya mwaka mzima, kutibu mikono ambayo yeye aliitengeneza makusudi ili ifumuliwe. Masika yote alipokuwa akifanya hivyo, mimi nilikuwa bwenini.

"Huko chuo kikuu walikufundisha nini?" mama mkubwa akauliza, si kwa ukali.

"Ualimu na jiografia."

"Jiografia ya sweta haikuwemo." Akacheka peke yake, halafu akanifuta uso kwa ncha ya khanga yake, kwa nguvu, kama unavyomfuta mtoto. "Usilie juu ya sufu, itarudi. Umeandika?"

"Kila mstari."

"Basi fuma. Na mkono huu wa kushoto hakuna kuugusa. Tutaupachika kama ulivyo, kiwiko kilicho wazi nitakiziba kwa sindano. Kibumba kitunze. Mkono wa kulia utautafutia uzi mwingine."

Uzi mwingine ulikuwa sweta yangu ya sekondari, ya kijani, ambayo nilikuwa nimeihifadhi bila kujua kwa ajili ya nini. Nikaifumua siku hiyohiyo, safari hii kutoka ilikoishia, na iliteremka kama maji.

Mama mkubwa alilala kwetu siku mbili. Alinionyesha jinsi ya kusokota kamba, vitanzi vitatu unavivusha mbele ya vitatu. Nilipomwuliza alama za katikati ni nini, alinyoosha mkono wake upande wa ziwa, ambalo tangu tulipohamishwa halikuonekana tena kutoka mlangoni.

"Tulikuwaga tunakaa juu ya lile jiwe la kwenu la zamani, tunamenya mihogo. Mitumbwi inatoka. Kila mtumbwi unaacha michirizi miwili nyuma yake, inatanuka, inatanuka, mpaka inapotea. Mama yako akaniambia, ile naweza kuifuma. Mimi nikamwambia, fuma kwanza wali, tuna njaa."

Alipoondoka nikaanza kufuma. Wiki tatu. Nilifuma nikiwa nimekaa, nikiwa nimesimama jikoni nasubiri ugali uive, nikiwa njiani kwenda shamba la kijiji na daftari limebanwa kwapani. Nilisoma mstari wa kwanza, nikaufuma. Wa pili, nikaufuma. Sauti ya spoku ikawa ndiyo saa yangu. Wakati mwingine mikono ilikwenda yenyewe na mimi nikabaki nyuma, nikimwona mama juu ya jiwe, kisu kimesimama katikati ya muhogo, macho yake yanaufuata mtumbwi. Nilijaribu kumwona uso. Alikuwa ametazama upande wa maji, haukugeuka.

Baba alivumilia kwa mashati mawili na gunia. Alikohoa. Sikumwambia kuhusu wembe.

Siku niliyomaliza mwili, nilitoa picha moja tuliyonayo ya sweta ile ikiwa mpya. Baba amepigwa studio Musoma, kijana, mikono magotini. Nilitaka tu kufananisha urefu. Niliweka picha juu ya kazi yangu, nikaona.

Kwenye picha, ncha za ile mitumbwi zilielekea juu, shingoni, na michirizi ilitanuka kwenda chini. Kwenye sweta yangu ncha zilielekea chini. Michirizi ilitanuka kwenda juu. Mitumbwi yote ya mama nilikuwa nimeigeuza. Nikafungua daftari, nikakaa nalo, na halikunichukua muda. Nilikuwa nimesoma kutoka shingoni kwenda pindoni, kwa sababu huko ndiko kufumua kunakoanzia, halafu nikafuma kutoka pindoni kwenda shingoni kwa mpangilio uleule. Mstari wangu wa kwanza ulikuwa wa mwisho wake. Kamba hazikunionya, maana kamba ukiigeuza ni kamba.

Wakati huohuo mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshanitumia barua yangu. Nilipangiwa sekondari, Bunda. Niripoti baada ya siku nane.

Nilihesabu siku nane kwa kila namna. Hazikutosha kufumua na kufuma tena. Nilifikiri kuchelewa kuripoti, nikafikiri watakavyonifikiria, nikafikiri kifua cha baba. Mwisho nilifuma mkono wa kijani, mama mkubwa akaja akapachika ule wa kushoto, akaziba kiwiko. Aliiona mitumbwi. Alipumua puani, akakata uzi kwa meno.

Nilimpelekea baba mchana, alipoamka. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu. Nikaanza na wembe, nikaenda kwenye masika, nikaenda kwenye daftari. Yeye alikuwa ameshaivaa. Alijipapasa kifua, akashika mkono wa kushoto, akaukaza kidogo.

"Huu ni wa mama yako."

"Ndiyo, baba. Huo tu ndio uliobaki. Na mitumbwi ya kifuani imegeuka. Nimeikosea."

"Mitumbwi ipi?"

Nikamwonyesha. Akainamisha kichwa, akaitazama kwa muda, kidevu kimegusa sufu.

"Kumbe ni mitumbwi? Mimi miaka yote nilijua ni mifupa ya furu."

"Mama mkubwa anasema ni mitumbwi."

"Hakuniambia." Akatabasamu kwa kitu kilichokuwa mbali na mimi. "Mimi nikimwambia, mifupa yako inaniwasha, anacheka tu. Basi imegeuka. Ukimaliza kula furu upande mmoja, si unamgeuza?"

Jioni nilimsindikiza mwaloni, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu utoto. Wenzake walikuwa wanapakia nyavu. Mmoja, mtani wake wa siku nyingi, alimzunguka mzima mzima kama anayekagua ng'ombe.

"Shemeji, leo umekuja watu wangapi? Kifua cha mwalimu, mkono wa marehemu, na huu wa kijani wa nani?"

"Wa sekondari," baba akasema.

"Basi tusizame leo. Tutakuwa tumeizamishia Serikali mali yake."

Walicheka, wakausukuma mtumbwi. Nilisimama nikaangalia michirizi miwili ikitanuka, ikitanuka, hadi ikafika kwenye mawe niliposimama na kunilowesha viatu. Baba hakukohoa, au alikohoa nisisikie.

Hayo yalitokea mwaka jana kabla ya mvua. Masika haya nilipata likizo, nikarudi. Kifua chake ni afadhali. Sweta imekolea moshi, mkono wa kijani umeanza kufanana na wa kijivu. Lakini ule wa kushoto, wa mama, ulikuwa umechoka. Kiwiko kilichozibwa kilikuwa kimefunguka tena na chini yake hakukuwa na cha kushika.

Nilijua cha kufanya, na kwa siku tatu sikukifanya. Ulikuwa ndio mwisho wa kile alichokigusa. Nilifikiri ningeukata nikauweke sandukuni na kumfumia baba mwingine. Nilifikiri ningeuacha hivyo. Baba aliniona nikizunguka na kopo la spoku, akasema twende kule nyumbani kwa zamani, kuna hewa.

Tulikaa juu ya jiwe. Maji yalikuwa yametulia, ya kijivu. Hakuivua sweta; alinyoosha mkono wa kushoto akauweka magotini kwangu. Nilitafuta mwisho wa uzi kwenye kifundo chake, nikaupata, nikavuta. Uliteleza bila fundo hata moja. Ulizunguka mkono wake, ukazunguka, na magamba mapya yakaanguka juu ya jiwe, na kila mstari uliotoka niliuandika kwenye daftari kuanzia chini ya ukurasa kwenda juu.

"Unaniwasha," baba alisema, macho ameyafumba.

Niliacha kuvuta nilipofika juu kidogo ya kiwiko. Vitanzi vyake vilikuwa wazi pale, vimepangana, vinasubiri kama vinywa vya vifaranga. Nikaviokota kimoja kimoja kwenye spoku, nikafungua kibumba cha akiba, nikaunga uzi, nikaanza kushuka.